Kosa Nililomtwika Mtani Wangu

Shinyanga Mjini,
Jumapili mchana.

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa barazani na goti lako limetulia. Dada Zaina aliniandikia kwamba siku hizi unafika kisimani mwenyewe. Nilifurahi, halafu nikakasirika, maana sijui kisimani unafuata nini wakati nyumba imejaa watu wazima. Mimi mwili ni mzima. Homa ya mwezi uliopita imeniacha, nakula vizuri, na sabuni imeanza kuonekana madukani, kwa hiyo hata shati langu jeupe limerudi kuwa jeupe. Mvua zimekolea na kila jioni radi zinapiga kama zinatudai.

Mama, ile barua yangu iliyopita, ya kusema kwamba mwanao ndiye aliyeiamsha kompyuta ya ushirika wa pamba, najua Dada Zaina aliisoma uwanjani. Najua ulimwita Mjomba Semdoe na majirani waje wasikie. Dada alinieleza yote mpaka vigelegele. Sasa nakuomba uwaite wale wale wasomewe na hii. Nilichoandika kilikuwa kweli, lakini niliruka jambo moja, na kwa kuliruka nikawadanganya wote. Mficha uchi hazai. Nimeficha wiki nne na usingizi wangu umekuwa wa kuku.

Nianze na kazi yenyewe, maana Mjomba atauliza. Ushirika ulinunua kompyuta tatu. Moja ni kubwa, nayo ndiyo inayotunza habari za wakulima wote: jina, kijiji, shamba liko wapi. Mbili ni ndogo, zimeunganishwa kwa waya na ile kubwa. Karani akitaka kumjua mkulima fulani, anauliza kwenye ndogo, swali linapita kwenye waya, kubwa inatafuta na kumjibu. Lakini mashine haifiki na akili hiyo tumboni. Lazima uiwekee programu. Programu yetu ilikuja kwenye disketi kumi na moja, vibamba vyembamba ambavyo unailisha mashine kimoja kimoja kwa mpangilio. Ukimaliza kulisha, mashine inaanza kuyapanga majina tuliyokwisha kuyanakili humo ili baadaye iweze kuyatafuta. Mimi niliaminiwa kazi hiyo kwa sababu ya kozi yangu ya miezi sita Dar es Salaam, na kozi hiyo, Mama, ilinijaza kichwa kuliko ilivyonijaza akili.

Kabla ya kompyuta, habari zote zilikuwa kwenye kadi, na mwenye kadi alikuwa Mzee Luhende, Msukuma wa Kharumwa, karani tangu mimi niko shule ya msingi. Kabati zake zinajaza ukuta mzima. Ukimtajia mtu, anakwenda moja kwa moja kwenye droo yake, na njiani anakwambia baba yake nani na ng'ombe wake waliibiwa lini. Unajua mwenyewe sisi Wazigua na Wasukuma ni watani tangu mababu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo. Basi siku ya kwanza tu aliposikia kabila langu, alipiga makofi.

"Mwangaluka, mla bada!" Ndiyo salamu yake ya kila asubuhi, kunicheka kwa ugali wetu wa muhogo.

"Mwangaluka, mla michembe!" namjibu. "Viazi vikavu hivyo ndivyo vimekukausha mashavu."

Alinichukulia chai yangu nikiwa naiangalia, nami nilimfichia kofia. Mama, mimi ni mgeni mji huu, na yule mzee ndiye aliyenifanya nisiuone ugeni. Na kazi alinisaidia. Ni yeye aliyezipanga kadi kijiji kwa kijiji ili zinakiliwe, akinisomea majina mpaka sauti inamkauka.

Basi nikalisha disketi zangu. Zote kumi na moja ziliingia. Mashine ikaanza kupanga majina, ikafika katikati, ikasimama. Kwenye kioo ikaandika kwamba haiwezi kufungua faili. Nikafuta, nikaanza upya. Ikasimama pale pale. Kesho yake nikabadili waya, ikasimama. Nikazisafisha disketi kwa pamba safi, nikaiwekea mashine feni ya meneja, nikatafuta panya nyuma ya kabati. Ikasimama. Kulikuwa na kitabu cha maelekezo, kinene, cha Kiingereza. Nilikisoma kuanzia pale panaposema "ingiza disketi ya kwanza." Kurasa za mbele zilizohusu matayarisho niliziona ni za wanafunzi.

Siku ya tatu wingu likatanda. Pale ofisini kuna sheria ya zamani: radi ikianza, swichi kubwa ya ukutani inazimwa, maana mwaka fulani radi iliunguza redio na kumrusha mlinzi. Mwenye kuzima ni Mzee Luhende. Akazima, na mashine yangu ikazimika ikiwa kazini. Nilipiga kelele. Akashika kichwa, akaomba radhi, akasema hakujua kwamba mashine ya kisasa nayo inaogopa giza. Tangu siku hiyo hakuigusa swichi bila kuniuliza. Nakwambia hili ulishike: alizima mara moja, na mashine ilikuwa imeshagoma kabla yake, ikagoma tena baada yake.

Alhamisi meneja akaingia. Ni mgeni kuliko hata mimi, hakuwa ametimiza mwezi, ametoka mbali, na utani wetu huu hajaujua. Wiki iliyofuata wakubwa wa mkoa walikuwa waje kuitazama mashine, na jasho lilikuwa limemtoka. Chumbani tulikuwa watatu tu.

"Mhando, tatizo ni nini?"

Mama, sikuwa najua tatizo ni nini. Hilo ndilo lililonitisha, kusema mbele ya meneja kwamba sijui. Nikamwonyesha Mzee Luhende kwa kidole, nikacheka. "Muulize huyu mla michembe, mkuu. Ndiye mchawi wa mashine. Nikigeuka tu, anazima umeme."

Mzee naye akaupokea utani, maana mtani hakasiriki wala hajitetei. "Kweli mkuu, nimezima! Na nitazimaga kila siku, mpaka huyu Mzigua arudi kwao."

Meneja hakucheka. "Unakiri kwamba unazima makusudi?"

"Aah, mkuu, huyu ni mtani wangu," akasema Mzee, na akanigeukia. Kicheko kilikuwa bado usoni kwake. Alikuwa ananingoja nicheke, nimalizie, nimweleze meneja. Ilikuwa kazi ya sentensi moja. Nami nikainama kwenye disketi zangu kama ninazihesabu, nikasema, "Mimi ninachojua, mkuu, umeme umekuwa ukikatika."

Sikumtazama tena. Nilisikia tu kiti chake kikisogea.

Ijumaa akapewa barua ya kusimamishwa kazi. Alikunja kofia yake akaondoka na treni, kwenda kwao Kharumwa. Hakunipitia kuniaga.

Jumatatu nikiwa peke yangu, kwa woga tu, nilikifungua kile kitabu ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa nne ulikuwa na jibu langu. Mashine hii ina idadi ya mafaili inayoruhusiwa kuyafungua kwa wakati mmoja, mfano wa karani aliyeambiwa asifungue droo zaidi ya ishirini kwa pamoja. Programu yetu inahitaji kufungua nyingi zaidi. Kabla ya kuanza, fundi anatakiwa aiandikie mashine mstari mmoja kuiongezea ruhusa. Mstari mmoja, Mama, neno moja na tarakimu zake. Nikauandika, nikaizima mashine na kuiwasha, nikalisha disketi. Kabla ya saa ya chakula majina yote yalikuwa yamepangwa. Nikauliza jina la kwanza lililonijia, likatokea kwenye kioo kabla sijahesabu hata tatu.

Meneja alipokuja alinishika mkono, akasema, "Unaona? Umeme ukitulia, kazi inakwenda." Nikamjibu, "Ndiyo, mkuu." Wakubwa walikuja, wakapiga makofi, wakapiga picha. Jioni yake ndipo nilipokuandikia ile barua.

Ningeendelea kunyamaza, nisijisifu kwa toba. Kilichonivunja ni mkulima mmoja wa upande wa Segese, aliyekuja kuulizia uanachama wake. Anaitwa Masanja. Nikauliza mashine, ikaniletea akina Masanja mpaka kioo kikajaa, na yeye hakumbuki ameandikwa kwa jina gani la pili.

"Luhende yuko wapi?" akaniuliza. "Yeye anatujuaga kwa sura."

Nikasema yuko likizo.

"Likizo gani? Huko kwetu wanasema alivunjaga mashine ya watu kwa wivu. Mimi nikakataa. Nikawaambia Luhende hawezi. Eti ni kweli, bwana?"

Mama, habari zilikuwa zimefika mpaka Segese. Mtu amefanya kazi safi miaka yote hiyo, leo kwenye magulio anatajwa kuwa mharibifu, na anayemtetea ni mkulima asiyeijua hata mashine yenyewe. Nikamwambia, "Si kweli. Niliharibu mimi." Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo, na sikufa.

Nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote na ukurasa wa nne mkononi. Aliusoma ule ukurasa mpaka chini. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliogopa ningefukuzwa."

"Kwa hiyo ukaona bora afukuzwe yeye."

Amenipa barua ya onyo, na moja zaidi ya namna hiyo nitarudi nyumbani. Mzee Luhende aliandikiwa barua ya kurudishwa kazini. Nikaomba niipeleke mwenyewe.

Nilipanda treni mpaka Isaka, nikalala juu ya magunia kwenye lori la mizigo mpaka Segese, na kutoka hapo wachimbaji wa dhahabu wakanibeba wakiwa wanakwenda kwenye mashimo yao, wenyewe wanayaita maduara, wametapakaa vumbi mpaka kope. Njia nzima nilikuwa natengeneza matusi ya kumsalimia nayo Mzee, yale makali, ili tuanze kucheka kabla sijaomba radhi.

Nilimkuta anapalilia pamba. Nikapaza sauti kutoka njiani, "Mtani! Nimefuata michembe, nimesikia huku mnalisha hata wageni!"

Aliweka jembe chini, akafuta mikono. "Karibu, bwana," akasema. Akamwita mkewe, "Mama Kulwa, mpe mgeni kiti."

Nilipewa kiti, nikapewa maziwa mgando. Niliyasema yote, na kumkabidhi barua kwa mikono miwili. Aliisoma taratibu, akaikunja.

"Mambo ya mashine mimi sikuyajua," akasema. "Ningejuaje? Ila nilikungojea ucheke."

"Nilikosa, Mzee. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nitakujaga Jumatatu, kadi zangu zina vumbi."

Na alikuja, Mama. Meneja alimwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote, na mimi nikasimama nikasema kosa langu mbele yao. Sasa yuko kwenye kompyuta ndogo moja. Mashine ikileta akina Masanja wengi, yeye ndiye anayetuambia ni yupi. Kazi inakwenda, na jina lake linasafishika polepole, ingawa kwenye magulio uongo una miguu mirefu kuliko kweli.

Lakini haniiti mla bada. Dereva wetu ni Mzaramo, naye ni mtani wake. Kila asubuhi nawasikia nje wakitukanana na kucheka mpaka wanakohoa. Halafu Mzee anaingia, anavua kofia, na kuniambia, "Habari za asubuhi, Bwana Mhando." Juzi nilimfichia kofia. Alitafuta kidogo, kisha akakaa kichwa wazi siku nzima bila kuniuliza, mpaka nikairudisha mwenyewe mezani. Akasema ahsante.

Nisalimie Dada Zaina, na umwambie asome bila kuruka. Nisalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na Bibi wa jirani aliyekupaka dawa ya goti. Mwisho nisalimie Mjomba Semdoe, ambaye hakuna msiba wa watani asikoitwa kwenda kutania. Niulizie kwake, Mama, nami naomba jibu hata kwa mstari mmoja: mtu akishaniheshimu hivi, nifanye nini ili anitukane tena?

Ni mimi mwanao, ambaye safari hii hana cha kujivunia,

Mhando.