Karipio la Pili

Jana nyapara alikuwa ananifokea na mimi nimeinama naangalia mabuti yake, mama, kama ulivyotufundisha. Shikamoo. Nimeanza na habari kabla ya salamu, unisamehe, nimechoka mwili na kichwa. Mguu wako unaendeleaje? Zaina akusomee polepole, asikimbize.

Shida ni kikapu changu. Huku Zirai mvua haijakata wiki nzima, vidole vimekufa ganzi, nikachuma chai mpaka majani magumu ya chini. Kosa ni langu. Akaniuliza, "Mghoshi," ndivyo wanavyotuita Wasambaa huku, "nani kakufundisha kuchuma hivi?" Nikanyamaza. Akauliza tena, nikazidi kuinama. Mtu mzima akikugombeza utamjibu nini? Yeye ni mtu wa kuja, katoka Iringa, akaona namdharau.

Leo asubuhi nikapewa karatasi. Kusoma kwangu unakujua, maneno ya ofisini yananishinda, nikampelekea Mama Tumaini, yule mama tunayechuma naye mstari mmoja. Akasema hili ni karipio, la pili, kumbe ile karatasi ya mwezi jana niliyoikunja tu mfukoni ndiyo la kwanza; kosa la sasa ni kiburi. Nikamuuliza karipio ndiyo nini.

"Ni kule kufokewa, mwanangu. Ila la mdomo linaisha, hili linakaa ofisini. Likija la tatu unafungasha."

Hapo ndiyo nimechoka kabisa. Wewe ukinigombeza asubuhi, mchana unanipakulia makande, imeisha. Hata ile siku mbuzi walikula kabichi za baba mdogo kwa uzembe wangu, jioni ulikuwa unanicheka. Hili la huku halina jioni. Na nikifukuzwa nirudi Mgwashi kufanya nini, kishamba chenyewe kaka na watoto wake hakiwatoshi.

Mama Tumaini anasema nyapara si mtu mbaya, anataka asikie sauti yangu tu. Niende nimwangalie usoni, niseme nimekosa, mikono iliganda. Nimejaribu kuyasema shambani peke yangu. Kwa miti ya chai naweza.

Nisalimie bibi, mwambie kikohozi changu kimepoa. Msalimie baba mdogo wa kabichi, na kaka na shemeji.

Sasa naondoka, maana nimemwona nyapara anaingia ofisini peke yake, na wenzake wakishafika sitaweza tena. Nakwenda kumjibu mtu mzima huku namtazama machoni. Kama nimekukosea, mama, usiniandikie. Ngoja nikija, unigombeze kwa mdomo.

Mwanao,
Rashidi