Mistari Myekundu Kwenye Ramani ya Visima

Zinga, Jumamosi. Jua kali, kanga zimekauka kabla ya adhuhuri, na mimi hata kukaa siwezi kwa furaha.

Leo, kwenye mkutano wa kijiji, nimebandika ramani yangu ya visima kwenye ukuta wa ofisi. Kamati ya maji inataka kuchimba kisima kirefu palipo na maji matamu, na mimi ndiye niliyetumwa kupita nyumba kwa nyumba nikionja. Maji matamu nimepaka bluu, ya chumvi kahawia. Upande wa mashariki, nisikokuwa na uhakika nako, nikachora mistari myekundu inayokatana.

Mistari inayokatana, jamani! Kwa watu walioona nyumba za barabarani zikipigwa X nyekundu kabla ya kubomolewa!

Salamu hazijaisha, kina mama wa upande wa mashariki wameshasimama. Mmoja analia kabisa. Bi Mwanahawa, jirani yetu muuza vitumbua, akanikabili: "Mwanangu, nyumba zetu zinavunjwa lini?"

"Hazivunjwi, bibi. Maana yake sijui maji ya huko yakoje."

"Sasa si useme hujui!"

Aibu niliyoiona! Nikaziba mistari yote kwa karatasi nyeupe, nikaandika: HATUJUI, TUAMBIENI.

Weee! Kalamu iligombewa. Huyu kisima chake huingia chumvi kiangazi tu, yule chake kitamu ila kimefukiwa nusu. Nimejifunza mengi kwa saa moja kuliko wiki zote nilizozunguka na kikombe changu. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Ndipo Bi Mwanahawa akaweka kidole juu ya nyumba yetu. Bluu tupu.

"Na hapa kwenu, nani kaonja?"

Hakuna.

Kisimani kwetu hatujachota maji tangu mwaka juzi, tunanunua maji ya madumu kama wengine. Nilikipaka bluu ili kisima kipya kichimbwe karibu na mama, apumzike kubeba ndoo. Nimeyasema hayo mbele ya wote. Nilijua watanizomea. Wamecheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakanipa karatasi nyeupe.

Kwetu pia sasa pameandikwa HATUJUI. Kesho asubuhi natumbukiza ndoo kisimani, na atakayeonja wa kwanza ni Bi Mwanahawa. Mimi ulimi wangu siuamini tena.