Hotuba ya Kuwachekesha Laini ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita saa nne asubuhi. Nikadhani ni ile safu yangu ya jarida la kiwanda — wiki iliyopita niliandika kwamba chai ya kantini imekonda mpaka ukiinua glasi unamwona aliyekaa mbele yako. Kumbe siyo. Kafunga mlango mwenyewe! Mtu ambaye hata dirisha humwita katibu muhtasi aje amfungie.

"Kwa ufupi," akasema. Nikajua tutakaa nusu saa. Kiwanda kizima tunamwita Kwa-Ufupi. Hajui. Au anajua na anajinyamazia.

Laini ya nne inafungwa. Watu arobaini na mmoja. Cherehani zinahamishwa. Tangazo ni Ijumaa saa nane mchana, ukumbi wa kantini, na kutakuwa na soda. Mpaka hapo bado nilikuwa sijaelewa nimeitiwa nini. Ndipo akasema anataka hotuba, na anataka niiandike mimi.

"Ukurasa wako wanausoma kabla hata ya ratiba ya zamu. Nataka wacheke kwanza. Mtu akishacheka, hasira inakosa pa kukaa."

Halafu akasema lisitoke nje ya ofisi ile. "Hata nyumbani." Neno nyumbani alilisema huku kanikazia macho.

Anajua, basi. Dada yangu anashona kola laini ya nne. Mwaka wa kumi na moja huu.

Nikasema sawa. Sawa! Kama mtu aliyeulizwa chai aongezewe sukari. Nimerudi mezani kwangu, nikasahihisha tangazo la vyoo mara tatu na bado nimeacha kosa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika rasimu ya kwanza wakati wa chakula cha mchana. Dakika arobaini tu. Hilo ndilo linalonitisha — imetoka kama maji. Nilikuwa nacheka peke yangu, nikakumbuka ninachokiandika, nikanyamaza, baada ya mistari miwili nacheka tena.

Lazima niandike ukweli mahali fulani, na hapa ndipo pekee. Utani wangu si wangu. Ni wa dada. Watu wa kiwandani wananishika mkono kwenye korido, wanasema "wewe una kichwa", nami naitikia. Wengine hata hawajui kwamba sisi wawili ni ndugu. Kichwa chenyewe kipo laini ya nne kinashona kola.

Mama alipolazwa ile miezi mitatu, mimi nilikuwa nikifika wodini nalia. Dada alikuwa akifika na taarifa ya habari. Anasimama miguuni pa kitanda, anakohoa kidogo, anatangaza: kitanda namba sita kimefanya mapinduzi, kimeteka mto wa kitanda namba saba, mazungumzo ya amani yanaendelea chini ya usimamizi wa muuguzi wa zamu. Mama anacheka mpaka mrija wa dripu unatikisika. Wodi nzima wakawa wanamsubiri. Siku ya mwisho Mama hakuweza kucheka, lakini alinyoosha kidole kumwonyesha dada aanze. Dada akaanza. Akaisoma mpaka mwisho, sauti haikutetereka hata kidogo. Alilia baadaye, kwenye ngazi, na mimi tu ndiye niliyemwona.

Nikaanza kuandika baada ya pale. Yeye anasema, mimi naandika.

Na leo rasimu imejaa maneno yake. Kuna lile la kola: "Sisi watu wa kola tumewakaba shingo mabosi wote wa nchi hii, na bado wanatulipa." Alilisema jikoni mwaka juzi. Nimemtia bosi mdomoni. "Nyinyi watu wa kola mmetukaba shingo miaka yote hii..." Linafaa vizuri mno. Nilitaka kulifuta, nikaliacha.

Jioni dada karudi vidole vimevimba. Anasema msimamizi kawaambia agizo la mashati ya shule liishe Alhamisi, likiisha watapumzika. Kafurahi! Anasema atalala Jumamosi nzima, nisimwamshe hata nyumba ikiungua, nimtoe na godoro lake.

Watapumzika. Nimekwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatano, 5 Machi

Bosi kaisoma rasimu mbele yangu. Kacheka mpaka akafuta macho kwa tai. Ile ya kola kairudia mara mbili, kajishika shingo. "Binti, wewe ni hatari."

Nilikuwa namwangalia anavyocheka na nikaona kabisa itakavyokuwa Ijumaa. Watacheka. Watu arobaini na mmoja watacheka na soda mkononi, na katikati ya kicheko ataiteremsha habari yenyewe, taratibu, na watakuwa wameshalegea. Watashuka ngazi bila kuuliza hata swali moja. Itafanya kazi! Mimi nimeipima, kila sentensi.

Nilidhani utani siku zote uko upande wetu. Januari msimamizi wa laini ya pili alikuwa ameshaandika barua tano kuhusu feni zilizokufa. Hakujibiwa. Nikaandika safu moja ya kuzipongeza feni kwa kustaafu kwa heshima, nikawaomba wafanyakazi wasiziguse, zimetumikia vya kutosha, ziachwe zilee wajukuu. Siku nne — feni zote zinazunguka. Bosi mwenyewe alicheka, na aliona haya. Nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Sasa kisu kilekile, mpini kaushika yeye.

Nikiwa natoka nikauliza: hao watu hawana pa kwenda? Kajibu bila kuinua kichwa. Zipo nafasi kumi na mbili, idara ya ukataji. Fomu ziko ofisi ya utumishi, dirisha la pili kushoto, za rangi ya bluu. Mwisho wa kujaza ni kesho yake baada ya tangazo, Jumamosi saa sita mchana. Asiyejaza amejitoa mwenyewe.

"Basi nizitie kwenye hotuba?"

"Hapana. Utaratibu unasema ziwepo. Zipo. Haukusema tuzipigie ngoma. Arobaini na mmoja wakigombania kumi na mbili, hiyo itakuwa vurugu."

Nina hakika hao kumi na wawili wameshajulikana. Mpwa wa mtu, shemeji wa mtu.

Nilimwomba rasimu. Nikamwambia bado ina mikunjo, niinyooshe. Kanipa. Kasema usiiharibu.

Alhamisi, 6 Machi

Sikuweza kumwambia dada.

Nilijaribu mara mbili. Asubuhi akiwa anatafuta kiatu. Nikasema, dada. Akasema, kama ni kiatu sema, kama si kiatu subiri. Jambo likapita hivyo.

Jioni tena. Agizo limekwisha! Wamemaliza saa tisa, mashati elfu mbili. Mama Pacha, rafiki yake anayeshona naye kwenye cherehani za kugusana, kapiga kigelegele juu ya lile la mwisho. Dada kanisimulia amesimama, mikono hewani. Nami nimekaa na karatasi magotini.

"Unaandika safu?"

"Ndiyo."

"Mbona uso kama umemeza pini?"

Nikasema imenigomea. Akaketi kando yangu, kama siku zote. Akauliza inahusu nini. Nikasema inahusu mtu anayetaka kuwaambia watu jambo ambalo amekatazwa kusema.

Akafikiri. Dada akifikiri anafinya sikio.

"Basi awakataze," akasema. "Awakataze kwa kirefu. Mimi ukinikataza kitu kwa maelezo ya kutosha, nitajua mpaka mlango wake unafunguka upande gani."

Akaenda kuoga. Anaimba bafuni. Sijui kama wazo hilo nimepewa au nimeliiba.

Nimeandika upya yote. Utani uleule, lakini nimeugeuza nje ndani. Nimewasifu mpaka sifa zinanuka. Laini ya nne imefanya kazi haraka mno, kwa hiyo haihitajiki tena. Laiti wangekuwa wazembe kama sisi wa ofisini, tungekaa nao mpaka uzee. Na mwishoni:

"Nawaombeni sana msijisumbue kwenda ofisi ya utumishi. Hasa dirisha la pili kushoto. Pale kuna fomu za bluu za kuhamia idara ya ukataji, nafasi kumi na mbili, na mwisho wake ni kesho saa sita mchana. Rangi ya bluu inaumiza macho. Nendeni nyumbani mkapumzike, mtuachie sisi hizo fomu tuteseke nazo."

Ijumaa, 7 Machi — asubuhi

Nimempelekea bosi saa mbili. Kacheka palepale alipocheka juzi. Alipofika kwenye fomu, kicheko kikakatika. Kidole kikakaa juu ya mstari.

"Huu ni utani?"

"Ni utani, bosi."

"Kwa hiyo watajua siyo kweli."

"Watacheka."

Akaniangalia. Nikatabasamu. Sijui nilitabasamuje. Akacheka kidogo, halafu zaidi, akapiga meza. "Inaumiza macho!" Kapitisha. Wapo watu wanaocheka kwa sababu wameelewa, na wapo wanaocheka wasionekane hawakuelewa. Nilikuwa nimeiweka kamari yangu yote kwa hao wa pili.

Sasa ni saa tano na nusu. Kaniita tena. Kajifunga skafu shingoni. Kwa kunong'ona: sauti imemkauka, mafua, kwa ufupi hawezi kuhutubia.

"Utasoma wewe. Ni watu wako."

Nikasema haiwezekani, mimi ni mtu wa jarida tu. Akanong'ona kwamba wananipenda. Ikabidi nitoke. Sijafika hata mwisho wa korido nikamsikia anamfokea dereva, sauti imejaa tele, inagonga kuta!

Labda ni mwoga tu, hataki uso wake ndio waukumbuke. Au ameelewa mstari wa fomu vizuri sana, na anataka utoke kinywani mwangu.

Dada atakuwa amekaa mbele. Huwa anakaa mbele.

Ijumaa — alasiri

Niko ofisini kwa bosi. Kaniambia nimsubiri humu. Naandika haraka.

Nimesoma. Ukumbi ulikuwa umejaa, soda zimeshafunguliwa. Nilipopanda jukwaani walipiga makofi — walidhani ni burudani! Dada kainua chupa yake kunipongeza.

Ile ya kola, wakaangua kicheko. Mama Pacha kampiga dada bega: hiyo si yako? Dada naye alikuwa anacheka. Halafu nikaona anaacha. Wengine wote bado wanacheka, yeye kafunga mdomo, kashusha chupa sakafuni, polepole. Sikuwa hata nimefika kwenye habari yenyewe, na yeye alishafika. Nikaisoma habari. Laini ya nne, kuanzia leo. Kicheko hakikukatika mara moja. Kilikufa safu kwa safu, wa nyuma wakauliza kasemaje, kasemaje.

Mwanamke mmoja akasema kwa sauti: huo ni utani wako? Bosi alikuwa kakaa nyuma yangu na skafu yake. Nikaendelea kusoma. Nini kingine ningefanya? Nilifika kwenye fomu, sauti inatetemeka. Hakuna aliyecheka. Hata mmoja. Msijisumbue. Dirisha la pili kushoto. Kesho saa sita. Nikainua macho, nikaona nyuso zimekunjwa, hasira imewajaa mpaka masikioni, na nikajua hawasikii. Nilikuwa nimewachezea mara moja. Sasa kila neno langu ni matusi. Kamari yangu ilikuwa imekwenda.

Dada akasimama.

Mikono mgongoni, kama alivyokuwa akisimama wodini. Akakohoa kidogo.

"Samahani, ndugu msomaji," akasema. Sikumbuki kama amewahi kuniita hivyo. "Ili tusikosee tukaenda, hebu turudie. Dirisha tusiloruhusiwa kwenda ni lipi?"

"La pili. Kushoto."

"Na fomu tusizozitaka ni za rangi gani?"

"Za bluu."

"Mpaka saa ngapi hatuzitaki?"

"Kesho, saa sita mchana."

"Tumekuelewa," akasema, akaketi. Hakuniangalia.

Halafu Mama Pacha akainuka, akavuta kiti chake kwa kishindo. Halafu safu yote ya pili. Mlango wa kantini ukawa mdogo. Bosi akasimama nyuma yangu na akapiga ukelele, "Kwa utaratibu! Kwa utaratibu!" — sauti nzima, safi, haina mafua. Kisha akaniinamia sikioni. Ofisini kwangu. Sasa hivi.

Kwenye dirisha lake naiona ofisi ya utumishi. Mstari unazunguka mpaka kwenye bomba la maji. Nimewahesabu, nimefika thelathini na kitu nikapotea. Wengine wanajazia fomu mgongoni mwa wenzao. Karani katoka nje kashika kichwa.

Dada hayumo.

Nimeangalia mara tatu. Mama Pacha yumo, wa tatu kutoka mbele. Dada alikuwa amesimama pale penye kivuli cha ukuta, peke yake, kashika mkoba wake mbele kwa mikono miwili. Nilidhani anasubiri mstari upungue. Niligonga kioo. Akatazama juu, moja kwa moja, kama alikuwa anajua muda wote niko dirisha gani. Sikuweza kuusoma uso wake. Mimi! Uso ninaoujua kuliko wangu.

Nikamwonyesha kwa kidole: nenda, nenda ukapange mstari.

Akatikisa kichwa. Akavuka uwanja kuja huku.

Simwoni tena. Atakuwa ameshaingia mlango wa chini. Na bosi naye alikuwa bado huko chini anazungumza na walinzi, simsikii tena. Ngazi za jengo hili ni za chuma, zinalia. Zinalia sasa. Mtu mmoja anapanda, hana haraka. Sijui ni nani kati yao wawili. Na sijui ni yupi ninayemwogopa zaidi