Ua Ulilolipaka Vanishi

Yaya wangu uliyeko Lusaka,

Nimeiona picha. Jirani aliniletea simu yake hapa Nchelenge nikigeuza samaki juani, akasema dada yako mkubwa amekuwa mtu wa maana. Umesimama kando ya ua la udongo la mama, limewekwa ndani ya kioo, na chini yake wameandika kwamba ni sanaa inayorudi udongoni. Nilicheka mpaka jirani akaniogopa.

Unakumbuka tulivyolifinyanga? Tulikuwa watatu nyuma ya nyumba, mwaka ule tulipotoka kambi ya wakimbizi ya Kenani. Wewe ulikanda udongo wa kichuguu na unga wa muhogo, mimi nilichambua mbegu za maboga za kuchanganya humo. Mama akafinyanga yungiyungi la ziwani, petali moja akaiinamisha kama iliyoanza kunyauka. Lilikuwa la baba, aliyebaki ng'ambo ya ziwa tulikokimbia, bila kaburi tunalolijua. Kwetu marehemu hufinyangiwa ua, na mjane wake huvaa nyeusi mpaka mvua na mchwa walimalize. Siku linapobomoka lote, anaoga, anavua, matanga yamekwisha. Ulilijua hilo tangu utotoni, yaya, usijifanye umesahau.

Lakini lilikuwa zuri mno, nawe hukuvumilia kuona kitu kizuri kikiharibika. Ulilipaka vanishi ya seremala, tabaka juu ya tabaka. Mama alikuambia, "Iache ioze. Njo kazi yake."

Ukamjibu, "Ni ya siku mbili tu, mama. Batu banataka kuiona, nitairudisha."

Na mimi nikakusaidia kulifunga kwa kitenge, ulipeleke kwenye maonyesho huko Lusaka. Hilo linaniuma hata leo.

Misimu ya mvua ilipita. Kila basi dogo la kutoka Mansa lilipofika, mama aliuliza, "Yaya yako ameileta?" Nilimwambia tufinyange lingine. Akasema, "Bwana yangu alikufa mara moja tu." Nyeusi yake ilipauka, ikapasuka mabegani, nikaishona, akaivaa tena. Harusini hakucheza, kwayani hakurudi. Wewe ulipopiga simu ulisema wenye maonyesho hawajakubali kulitoa. Baadaye hukupiga tena.

Mama amefariki, yaya. Wiki tatu sasa. Nilikupigia siku nzima, hukupokea. Tulimzika na ile nyeusi, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye haki ya kumvua. Ua la baba bado ni zima huko kwenu. Mama ndiye anayeoza.

Ninakuchukia, na ninajua utalia ukisoma hapa. Lia. Mimi nililia nikishona yale mabega.

Juu ya kaburi lake nimeweka ua nililolifinyanga peke yangu. Limepinda, petali zake ni nene, mikono yangu si kama yako. Jana mvua ya kwanza ilinyesha, petali mbili zimekwisha kuanguka. Hata ukipanda basi leo, hutakuta kitu cha kubeba.

Kaa huko huko.

Mdogo wako