Hakuna Aliyeazima Kitabu cha Nyota

Jumamosi, 1 Septemba 1956
Sanduku la vitabu limefika kutoka Nairobi. Ishirini! Nimelibeba peke yangu kutoka kwa lori mpaka ukumbi wa kanisa. Wanaume wawili walikuwa wameshindwa. Mwalimu Ongeri, mkubwa wa chama chetu cha wasomaji hapa Kisii, akatoa vile anavyopenda — mjane na shamba lake, mkwe na mama mkwe, yatima. Vitano akavisukuma kando kwa kidole. Watu wanaokwenda mwezini, mtoto wa chuma, mambo hayo. Akasema ni vya kuchezea watoto. Kanuni tunaijua: sanduku likirudi tarehe 22, kitabu ambacho hakuna aliyekiazima kinaandikwa "hakitakiwi", na hakiji tena. Nimechukua kimoja bila kuandikwa kwa daftari la kuazima, kwa huruma tu. Niliishia darasa la nne, lakini kwa kusoma haraka Ongeri hanipati. Hata yeye anajua.

Jumanne, 4 Septemba
Nimekimaliza. Kazini kwa mizani ya kahawa nimechelewa.
Baharia anaondoka na merikebu inayopita kati ya nyota. Kwake ni miaka miwili. Nyumbani ni arobaini. Anarudi, mke wake ni bibi kizee, amekaa mlangoni, anamwita "kijana".
Nimelia. Mimi, niliyeua chui kwa jembe kule Nyamache! Benta mke wangu akauliza kuna nini. Nikasema moshi.
Nataka mtu mmoja akisome. Mmoja tu, nikae naye tukizungumze. Benta simpi. Ana kazi nyingi.

Ijumaa, 7 Septemba
Nimezunguka. Marion mkunga anapenda hadithi za yatima. Nikamwambia, yuko mtoto wa chuma, hana baba wala mama, akilia anatoa mafuta. Akacheka. "Odero, huyo umemzaa wewe." Nikaenda kwa Ongeri: katika kile cha mwezi kuna kesi ya shamba, miaka saba wanagombania mpaka. Akasema yeye anasoma mambo yanayoweza kutokea.
Bathsheba ndiye nilikaribia kumpata. Mume wake yuko Mombasa mwaka wa sita sasa. Nikamweleza yule mke mlangoni. Alinyoosha mkono achukue. Na mimi nikaongeza kwamba huyo baharia alipigana na nyoka wa vichwa saba. Nyoka hayumo kwa kitabu. Sijui alitoka wapi. Bathsheba akarudisha mkono.
Mdomo wangu huu.

Jumamosi, 8 Septemba
Ongeri amekubali nikitolee ushuhuda Jumamosi ijayo. Kwetu chamani anayesifu kitabu anasimama mbele kama kanisani, mkono juu ya kitabu, anasema kweli tupu. Nitawaliza wote.

Jumamosi, 15 Septemba
Ukumbi ulijaa. Benta alikuja pia, akakaa na akina mama.
Nikasimama. Mkono juu ya kitabu. Nikaanza na kweli: kwamba nilikisoma nikalia. Wakacheka. Ukumbi mzima! Ongeri akavua miwani akajipangusa macho. Marion akasema, endelea Mzee Odero, na chui naye alilia? Kwa miaka nimewaambia mambo elfu wakakubali. Leo nasema moja la kweli, wanashika mbavu.
Hapo nikaogopa. Nikakimbilia Burma. Nikasema haya yanaweza kutokea, maana mimi mwenyewe vitani, miaka minne kule Burma, niliona merikebu ya namna hiyo ikishuka msituni.
Mogaka, dereva wa lori, alikuwa mlangoni. Hakuwa na ubaya. Alitaka kuchekesha tu. "Burma gani, Odero? Si tulikuwa wote kambini Gilgil, hapa hapa Kenya, wewe ukipika maharagwe, mpaka vita vikaisha? Hata meli hujapanda."
Walicheka mpaka mtu akaanguka na benchi.
Benta hakucheka. Alikuwa anaangalia mikono yake.
Kitabu nimekiacha pale mezani.

Jumapili, 16 Septemba
Ni kweli. Gilgil. Naandika mara moja, sirudii.
Safari ya siku mbili kufika nyumbani. Telegramu ilinifikia — mtoto wetu Otiende, miaka mitatu, homa, amefariki. Nilikuwa na livu, ruhusa ya kwenda nyumbani siku kumi, mfukoni, imepigwa muhuri. Niliogopa kuona kaburi dogo, sikwenda. Baada ya vita nikarudi na hadithi ya Burma: bahari, meli zimezuiwa, ningefikaje.
Miaka kumi na miwili Benta anawaambia watu, mume wangu hangeweza kuja, alikuwa ng'ambo.

Jumatano, 19 Septemba
Benta anapika, ananiwekea, anafunika sahani. Bado ananiita Baba Otiende. Jioni nikaanza ile hadithi ya fisi wa Gesima aliyevaa koti. Nikaiacha katikati. Hakuuliza iliishaje.

Jumamosi, 22 Septemba
Nimekwenda kupigilia misumari sanduku. Vile vitano vya ajabu vimebaki vinne. Ongeri amekasirika, kimoja hakijarudi na lori linangoja. Akanionyesha daftari. Kitabu cha nyota kimeazimwa Jumatatu. Mwandiko wa Benta, herufi kubwa kubwa za misheni.
Wakanituma nikilete.
Nimemkuta mlangoni kwenye kigoda, kidole chini ya maneno, midomo inatembea. Sikuweza kumwomba. Nimepita ndani, nimeshika kalamu ili nionekane nina kazi. Nasikia kurasa. Zimebaki chache. Sasa anasoma kwa sauti — baharia amerudi, bibi kizee anamwita kijana.
Ananiita. "Baba Otiende."
Nikaitika.
"Huyu alikuwa mbali kweli. Hata angetaka, hangeweza kufika."
Nikasema ndiyo. Hangeweza.
"Basi wewe ulilia nini?"
Mogaka anapiga honi huko barabarani, mara ya tatu sasa. Benta hageuki. Kidole bado kiko kwenye mstari. Anangoja, na mimi naandika, naandika, na hakuna hata uongo mmoja unaonijia