Kutoka Upande wa Pili wa Barabara, kwa Harusi ya Neema

Nakonde, Zambia

Wazazi wangu wapendwa, nanyi nyote mliokusanyika nyumbani Hasamba kumwozesha Neema,

Pokeeni heshima zangu. Nimefika hatua chache tu kutoka Tunduma, na hapa ndipo safari yangu inapokoma. Nimemaliza chuo huku, lakini ombi langu la kibali cha kazi bado halijajibiwa. Nikitoka Zambia kabla ya jibu, ombi litahesabiwa kuwa limefutwa.

Leo mchana Shangazi alisimama upande wa Tanzania, hotipoti kichwani, akaniita: "Vuka, baba! Mbona hata mbuzi wanavuka?"

"Mbuzi hawajaomba kazi, Shangazi."

Akacheka, akavuka yeye. Tukala wali wa mchele wa Kamsamba na kuku kando ya malori, jua likituwakia. "Harusi umeshaila," akasema. "Sasa nipe maneno ya kaka wa bibi harusi, niyapeleke."

Ndiyo haya. Shemeji, Neema akikasirika hunyamaza. Usitoke nyumbani, keti naye mpaka aseme. Nawe mdogo wangu, usichelewe sana kusema.

Mungu aipe nyumba yenu mazungumzo marefu.

Kaka yako akupendaye,
Elia