Sumaku ya Jericho

Toledo,
Jumanne, tarehe 22 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeamua kukuambia yote, hata yale ambayo sikutakiwa kuyasikia. Nitayapanga kama ulivyonifundisha, la kwanza litangulie na la mwisho lingoje zamu yake.

Kwanza afya yako. Je, unalala? Mzee Tackett, msaka vipaji wako, anasema kochi la ofisini ni fupi kuliko miguu yako, na kwamba tangu Jumapili unaishi kwa kahawa na karanga. Sisi hatujambo. Nyonga ya bibi yangu Busia inamsumbua mvua ikinyesha, na imenyesha tangu jana, lakini anasema nyonga yake si habari. Habari ni kwamba amemzaa mwana mmoja tu na mwana huyo hajui kulala. Mama yuko salama. Mimi nimepata alama nzuri ya hesabu, na timu yetu ya wasichana, ile ya futiboli ya Kimarekani ya kunyofoana vitambaa kiunoni badala ya kuangushana, imeshinda tena.

Najua inachekesha kumwandikia barua mtu aliye ng'ambo ya mto, mwendo wa dakika kumi kwa gari. Lakini wewe mwenyewe ulikataza neno lolote la uteuzi wa Alhamisi, la kijana gani wa chuo utamchagulia timu yako, lisisemwe kwenye simu, tangu mwaka ule neno moja lilipovuja na timu nyingine ikawawahi. Kwa hiyo barua hii inasafiri na supu. Mzee Tackett ameahidi kwamba hataifungua barua. Kuhusu supu hakuahidi kitu.

Nianze na mlango wa friji. Kila Aprili unaandika majina ya vijana wanaotoka vyuoni kwenye sumaku ndogo nyeupe, majina matupu, bila nafasi wanazocheza, bila uzito, bila chuo. Tunatazama mechi zao sebuleni, kisha kila mmoja wetu anapanga safu yake kwa macho tu, yaani nani anacheza vizuri kuliko wote. Baada ya hapo ndipo unapotufundisha kupanga upya kwa thamani ya nafasi.

Somo hilo nimelielewa, Baba. Mrushaji hushika mpira karibu kila mara timu yake inaposhambulia, na warushaji wazuri hawatoshi timu zote za nchi hii. Akiwa mzima anaweza kukaa miaka kumi na tano. Mkimbiaji hukabidhiwa mpira akaingia nao katikati ya watu wazito kama friji yetu, na baada ya miaka michache magoti yake ni ya mzee. Tena wakimbiaji wazuri hupatikana hata siku ya mwisho ya uteuzi, wakati watu wameshazima televisheni. Kwa hiyo mrushaji wa kawaida anaweza kuwa na thamani kuliko mkimbiaji wa ajabu. Nimewaeleza hayo hata rafiki zangu shuleni, na Wren akaniuliza kama nyumbani kwetu tunapimana hivyo mezani.

Mwaka huu Busia alimweka mkimbiaji Jericho Metoyer juu kabisa. Mama naye hivyo hivyo, na unajua Mama na Busia hawajawahi kukubaliana hata kuhusu chumvi. Mimi pia nilimweka juu. Mrushaji Colby Rasmussen nilimpa nafasi ya saba. Busia alimshusha hadi karibu na mpini wa mlango wa chini, akasema ni mtoto mzuri lakini anarusha kama mtu anayeogopa kuvunja vyombo. Wewe ulisema utapanga yako mwisho, kama kawaida yako.

Halafu wakaja kula. Colby alikuja Ijumaa moja ya Kwaresima, na Jericho Ijumaa iliyofuata, bila mawakala wao, bila tai, kama unavyotaka. Najua kwa nini unawaleta kwetu. Unataka kuona wanavyomjibu Busia.

Colby alimjibu vizuri sana. Alikula samaki wake wote, akaomba aonyeshwe kabichi inavyokatwa, akafuta sahani pamoja nami. Tulipotoka uani alinirushia mpira mpaka mikono yangu ikafa ganzi, na kila mara ulinifikia kifuani, pale pale, wala hakuwa na mbwembwe. Nilipomwambia kwamba magazeti yanamtaja kuwa wa tatu nchini, alicheka. Alisema yeye si wa tatu kwa ubora, hata mama yake kule Idaho analijua hilo, ila amebahatika kusimama mahali penye bei. Nilimpenda kwa maneno hayo, Baba. Sitaki udhani namchukia.

Jericho alipokuja, nusu ya timu yetu ya wasichana ilikuwa imeshajazana uani, kwa sababu sikuweza kunyamaza. Tulimfunga vitambaa viwili kiunoni, tukamzingira pale penye nafasi ndogo kati ya gereji na kamba ya nguo, sisi sita. Hakuna aliyegusa kitambaa. Mimi nilikuwa nimesimama vizuri, magoti yamekunjwa, macho kiunoni kwake kama ulivyonifundisha, na sikuona alikoenda. Niliona tu mahali alipokuwa. Wren alikumbatia kamba ya nguo na shuka la Busia. Jericho alimfungua Wren kutoka kwenye shuka, akalitundika tena, akabana vibanio vyote. Nilikutazama. Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo begani, na uso wako ulikuwa kama wa mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Mezani Busia alimuuliza bila kuzunguka: "Na haya magoti, mwanangu, yatakufikisha wapi?"

Jericho akaweka uma chini. Akasema, "Busia, wataalamu wananipa miaka minne. Mitano, nikibahatika. Sasa mtu mwenye miaka minne hana muda wa kukaa na watu wasiomtaka. Anayenichukua awe ananitaka kweli, basi, sina lingine." Kisha akaomba aongezewe viazi. Wewe ulimpitishia viazi na chumvi, na yeye alikuwa hajaomba chumvi.

Sasa nafika kwa yale ambayo sikutakiwa kuyasikia. Jericho alipoondoka, Mzee Tackett, aliyekula nasi siku hiyo, alisahau kofia yake kwenye kiti, nami nikaichukua nimpelekee barazani. Mlikuwa mmenipa migongo. Mzee Tackett alikuwa anasema kwamba amezunguka viwanja vya nchi hii tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na wa aina hii amewaona wawili, na mwingine hatamwona kabla ya kuzikwa. Ukamjibu kwamba nafasi ni nafasi, hesabu haibadiliki kwa sababu kijana ametundika shuka. Akakwambia, "Henryk, acha hiyo. Wewe unajua, na mimi najua kwamba unajua."

Halafu ukasema maneno ambayo nayasikia hadi leo. Ulisema kwamba ukimchukua mrushaji na akashindwa, watu watasema mrushaji ameshindwa. Ukimchukua mkimbiaji na akashindwa, watasema wewe umeshindwa. Kisha ukasema, "Na nina binti aliyebadilisha shule tano. Nilimwahidi, Orrin."

Mzee Tackett aliuliza kama pai ya Busia imebaki. Mimi niliirudisha kofia kwenye kiti nikaenda chumbani.

Nilitumaini nimeelewa vibaya. Lakini Ijumaa Kuu, kwenye ukumbi wa parokia, Bwana Purcell alikuja mezani kwetu akiwa na sahani yake ya samaki. Ulikuwa umesimama kwenye foleni ya supu, kwa hiyo hukumsikia. Alimwambia Mama, huku akikamua limau, kwamba timu ni yake, amengoja mrushaji miaka mingi, na kama Alhamisi mumewe atasoma jina la mkimbiaji, yeye mwenyewe atakuja kutusaidia kufunga mizigo. Alicheka alipomaliza. Mama naye akatabasamu, akasema, "Usijisumbue, Bwana Purcell. Mizigo yetu tunajua kuifunga wenyewe, tumezoea." Busia akamwambia samaki wake anapoa. Bwana Purcell akaenda. Mama alikunja karatasi ya kufutia mikono mpaka ikawa ndogo kama tembe, na uliporudi na supu alikuambia tu kwamba foleni ilikuwa ndefu.

Mama hajui kwamba nakuandikia jambo hili. Nisamehe kama limekuongezea mzigo. Nadhani ulilijua hata kabla yetu.

Jumapili ya Pasaka, kabla hujaenda ofisini, ukapanga safu yako kwenye friji. Miaka mingine huchukua saa nzima, unapandisha huyu, unashusha yule, unabishana na Busia. Safari hii ulipanga haraka kama mtu anayeweka vyombo kabatini, Colby juu, ukavaa koti. Busia alikuuliza kama umeumwa. Ulisema barabara itakuwa na foleni. Siku ya Pasaka, Baba, saa za jioni.

Ulipoondoka nikaisoma safu yako kutoka juu hadi chini. Jericho hakuwa wa pili. Hakuwa wa tatu. Hakuwepo. Nilitafuta sakafuni, nikavuta friji kwa kadiri ya nguvu zangu, nikapata kijiko na vumbi.

Jana Mama alikuwa anafua. Akageuza mifuko ya suruali yako ya kijivu, ile uliyovaa Pasaka asubuhi kanisani ukaiacha nyumbani, na sumaku ya Jericho ikaanguka ndani ya beseni. Mama aliifuta kwa aproni, akaisoma, akaiweka juu ya mashine ya kufulia. Baadaye kidogo aliniambia kwamba Mzee Tackett atapita leo kuchukua mashati yako na supu, na kwamba kama nina la kukuambia, niandike kwa mwandiko mzuri.

Sasa nakuambia. Agosti tulipofika hapa, nilikaa juu ya sanduku la vitabu nikakataa kulifungua, ukaja ukakaa sakafuni. Nilikuomba uniahidi kwamba nitamaliza shule hapa hapa. Ukaniahidi. Nimeishika ahadi hiyo mwaka huu wote wa shule kama mtu anavyoshika kamba ya daraja. Naipenda shule hii. Nampenda Wren. Busia amepata kanisa ambalo watu wanajua kutamka jina lake. Tukihama nitalia, nisikudanganye, na nitalia kwa muda mrefu.

Lakini uliponifundisha kupima thamani ya nafasi na kipaji, ulinipa vitu viwili vya kupima. Mimi sikuwemo. Tangu Ijumaa ile barazani najiona nimekaa juu ya mizani pamoja na viatu vyangu na vitabu vyangu, na naogopa kwamba ni mimi ninayemwinua Colby. Colby mwenyewe hatapenda. Yeye anajua kwamba anasimama mahali penye bei, ila hajui kwamba sehemu ya bei hiyo ni masomo yangu.

Kwa hiyo, Baba, nakurudishia ahadi yako. Sikurudishii kwa hasira, wala Mama hajanituma. Sikuambii umchukue Jericho. Kama ukikaa na hesabu yako kwa moyo mweupe na ukaona kwamba nafasi inazidi kipaji, mchukue Colby, na mimi nitavaa jezi yake shuleni Ijumaa na kubishana na kila mtu. Nitakuwa nakuamini. Nisichoweza ni kuivaa jezi hiyo huku nikijua kwamba kijana mwingine, mwenye miaka minne tu, alibaki mfukoni mwako kwa sababu yangu.

Busia anakusalimu sana. Anasema supu ni ya shayiri na uyoga, uile ikiwa moto, na Mzee Tackett apewe bakuli moja tu hata akilalamika. Mama anakusalimu na anasema shati la bluu ndilo la Alhamisi, kamera zikija. Anasema pia ulale. Wren anakusalimu na anaomba radhi kwa shuka. Mimi nakuombea, na ninaamini kwamba utafanya vizuri, kwa sababu hata ulipokosea siku zilizopita ulikosea ukiwa umeangalia.

Sumaku ya Jericho imo ndani ya bahasha hii. Mzee Tackett atarudisha chupa ya supu kesho jioni, na nitakuwa nimesimama mlangoni. Tafadhali andika jibu nyuma ya karatasi hii, ulitie kwenye chupa. Sihitaji sababu, na sitamwambia mtu hata mmoja. Nataka kujua jambo moja tu: kama usingekuwa na binti, wala ahadi, wala nyumba ya kuhama, sumaku hii ungeiweka wapi?

Mwanao akupendaye,
Adela